Nyekundu ya Mwisho

Haya nilisimuliwa na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, fundi wa kuchapa picha, alipokuja kunitazama mwaka ule niliovunjika mkono. Nayaandika kama alivyoyasema.

Asubuhi moja tajiri wake alimsimamisha mlangoni, hata aproni hajavaa.

"Mzee akigonga tena leo, fundi, kesho usije."

Picha yenyewe ukiitazama haina mtu wala mti. Ni miraba, pembetatu na duara moja kubwa, vimepandana kama vyombo kwenye beseni. Mzee mchoraji alikuwa ameichora juu ya mawe kabla sukari haijamlaza hospitali. Kila rangi na jiwe lake: karatasi ipite jiwe la njano, ikauke, ipite la buluu, ikauke. Hizo zote zilishakubaliwa. Ilibaki nyekundu ya lile duara, na karatasi nene zilizobaki ndizo hizo. Zikiharibika, hakuna nyingine.

Mzee hakupenda kelele. Fundi humshikia karatasi mbele ya uso, kimya. Akiikataa, hugonga sakafu kwa fimbo. Asipogonga, imepita.

Shida ilikuwa mke wa mzee. Habanduki ubavuni mwake, na mdomo wake haujui likizo. Jana yake ilikuwa hivi:

"Ee, fundi! Nyekundu gani hii? Nyanya iliyolala?"

Ko! Fimbo ikagonga.

Fundi akachanganya wino upya, akarudi.

"Sasa umetuletea jicho la mlevi."

Ko!

"Mama," fundi akashindwa kuvumilia, "hapa mchoraji ni nani?"

"Si huyu? Mimi nimemsindikiza tu, mwanangu." Akacheka peke yake.

Basi fundi akaamini kabisa kwamba yule mama ndiye anayemtia mzee maneno. Angenyamaza siku moja tu, kazi ingepita. Na nyumbani kwake mke alikuwa na mimba pevu, huyo mdogo wangu, na kodi ya nyumba haijui mimba.

Asubuhi hiyo ya onyo la tajiri mama alikuja amechoka hoi. Alikuwa amekesha na mjukuu mwenye homa. Fundi akaona hapa ndipo. Akamletea kiti chenye mto, akakisogeza dirishani penye jua la asubuhi, karibu na mzee.

"Kaa hapa, mama, upumzishe mgongo."

"Haya, leo asali imetoka wapi?" mama akasema, huku anakaa. "Ukiwa tayari uniite."

Haikupita muda shingo ikalegea.

Fundi akapitisha kwanza makaratasi ya hovyo, mengi, mpaka wino ukakubali. Kisha akaweka karatasi nzuri. Akaibandua jiweni kwa ncha za vidole, akanyata nayo, akaishika mbele ya uso wa mzee.

Mzee alitazama mbele, mikono miwili juu ya fimbo. Mama akakoroma kidogo. Fundi akabana pumzi.

Fimbo haikugonga.

Akangoja tena, asije akajidanganya. Haikugonga.

Kule mlangoni tajiri akaitikia kwa kichwa: pitisha zote. Wakafanya kazi kama wezi, kwa ishara tupu, wasimwamshe yule mama. Mashine ikalalamika taratibu, karatasi baada ya karatasi, duara jekundu likikaa mahali pake, mpaka bunda likaisha. Tajiri akampiga fundi begani, naye hakuwa mtu wa kugusa watu.

Ikabaki sahihi ya mzee. Fundi akachagua picha iliyo safi kuliko zote, akapiga magoti mbele yake, akaiinua hadi karibu iguse pua.

Mzee akageuzia uso upande wa mashine, pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Fundi," akanong'ona, "mbona leo unachelewa hivyo? Nyekundu ikiwa tayari, mwamshe mama aione, aniambie."