Mikono ya Tumpe

Mke wangu Tumpe anaendesha kreni hapa Dodoma, na najivunia, sifichi. Siku hizi kila dereva wa kreni hutiwa kidude ndani ya mikono, chini ya ngozi: upepo ukizidi, mikono hulegea, haiinui kitu, hata nyumbani. Tangu hapo hakuna fundi aliyeangukiwa na mzigo pale saiti. Wakimwona Tumpe, mafundi humpigia saluti.

Jana upepo ulikuwa mkali. Mwanetu Lusajo, bado mdogo, akaanguka uani.

"Mama, nibebe!"

Tumpe akapiga magoti mbele yake, mikono ikining'inia. "Subiri, baba, upepo utulie."

Nikambeba mimi.

Asubuhi hii Lusajo alisimama mlangoni, akazitazama nguo kwenye kamba. Zilipotulia, ndipo akamkimbilia mama yake.