Swali la Utafiti

Siku hizi mtu akifariki, akaunti zake za mtandaoni hukabidhiwa chuo kikuu, na wanaoruhusiwa kuzifungua ni watafiti tu. Ndiyo maana Eliaichi, muuza vitenge wa miaka sitini na mmoja, alijiandikisha kusomea shahada ya uzamili. Alitafiti salamu katika jumbe za sauti za vijana. Kijana aliyemchagua alikuwa mmoja tu: Ndeshi, marehemu binti yake.

Kila asubuhi alibandika chai, akawasha kompyuta, akasikiliza. "Shikamoo mama. Umeshakula?"

Kwenye orodha ya marejeo aliacha makosa makusudi, ili kila muhula arudishiwe kazi. Hivyo ndivyo alivyofika mwaka wa nne.

Leo msimamizi wake, Dokta Kihwele, alimpigia simu. "Mama, nimekuonea huruma. Yale marejeo nimeyarekebisha mwenyewe. Tasnifu imepita."

"Bado nilikuwa naifanyia kazi, Daktari."

"Pumzika sasa, mama. Hongera sana."

Alimshukuru, kisha akabofya ujumbe ule ule. Skrini ikaandika kwamba utafiti umekamilika na data zimefungwa.

Jikoni chai ilikuwa inafurika.

"Marahaba," aliijibu skrini. "Bado sijala."