Nauli ya Wawili

Fundi cherehani alipiga hesabu ya safari kwa chaki juu ya meza ya kukatia, kama anavyopiga hesabu ya suruali za watu. Baada ya miaka ya kesho na keshokutwa, yeye na mkewe wangeuona ule mji mkongwe wa pwani.

Kwa kiganja akafuta pesa za boti. Akafuta za mtembeza wageni. Chumba kinachotazama bahari kikawa cha uani.

“Bado haitoshi, mama watoto.”

“Basi futa nauli moja.”

Mkewe alidhani angalau atauliza ya nani. Fundi akafuta, akajipangusa chaki, akarudi kwenye cherehani akipiga mluzi.

Mkewe akalishusha msumarini gauni jipya la safari, akaanza kuufumua mshono taratibu.

“Kitambaa hiki,” akasema, “kitatoa foronya mbili.”