Nusu Kidole

Jirani aliapa kwamba aliuona mkono usio na mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, naye yuko uani kwake anaanika nguo. Pazia la dirisha la nyumba ya pili likacheza, mkono wenye kidole cha chuma ukajitokeza, ukagusa kompyuta, na maandishi yakavimba kama unga uliotiwa hamira. Aliyasoma yote, alisema, akiwa palepale kwenye kamba yake. Watu walicheka. Jirani huyo hata barua iliyofungwa huisoma.

Mwenye kompyuta hakucheka.

Mtaa ulimwita Mama Madirisha, na kuna bwana aliwahi kumjia na vipimo vya nyumba akitaka kuwekewa vioo. Madirisha yake yalikuwa ya kwenye kompyuta. Alichukua uso mzima wa kompyuta, madirisha, vitufe na menyu, ulioshonwa kwa ajili ya mfumo mmoja, akaufumua na kuushonea mfumo mwingine usiojulikana sana. Kila toleo jipya lilipokuja, aliziba palipochanika. Mwaka wa sita sasa. Watu asiowajua, katika ofisi na maabara asizozijua, waliwasha mashine zao asubuhi na kukuta kazi ya mikono yake.

Juzi alitoa toleo, la kwanza baada ya miezi sita. Kama kawaida yake, alichukua mipangilio ya mashine yake mwenyewe, anayoijua kama kiganja chake, akaifunga ndani ya kifurushi. Jana malalamiko yakaanza. Herufi kubwa kama ndoo, aliandika mmoja. Mwingine alisema akifungua menyu, neno moja linajaza kioo.

Alitazama kioo chake. Herufi zilikuwa punje za mtama, kama siku zote.

Basi kuna mtu ameingia. Kati ya mikono yake na mikono yao, mtu amekichezea kifurushi, na anayeweza kubadili herufi anaweza kubadili lolote. Msimamizi wa mfumo aliliona hilo pia. Asubuhi hii aliandika kwa ufupi: tuambie kabla ya adhuhuri nani aliingia. La sivyo, ufunguo wake wa kutolea matoleo utafungwa na kazi atapewa mwingine.

Aliinuka kutafuta maji, akajikwaa.

"Fundi, nani kaweka kigoda hapa?"

"Kipo hapo tangu tuhamie," mumewe alijibu kutoka sebuleni, cherehani ikinguruma. "Labda leo kimeamua kukupiga ngwara."

Glasi ilifurika kabla hajajua imejaa. Ni woga tu, alijiambia, akajifuta mkono kwenye kanga.

Huko sebuleni jirani alikuwa amefuata gauni lake. Alisikika akijisifu kwamba mwili wake haujaongezeka tangu siku ya harusi, ushahidi ni gauni, lilelile na linamkaa vilevile. Fundi aliafiki kwa heshima zote. Siri yake aliijua mkewe. Mteja akinenepa, fundi hamwambii. Kila gauni likirudi analiachia mshono nusu kidole, anakaa kimya, hivyo hivyo mpaka kitambaa cha akiba kiishe. Nguo haimsuti mtu, ndivyo alivyopenda kusema.

Mama Madirisha alirudi kitini. Siku hizi hata madirisha yenyewe yalikuwa yamebanana. Lililobeba mistari arobaini sasa lilibeba kumi na mitatu, naye alikuwa amelaumu toleo jipya. Alifungua faili la mipangilio, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mahali pa ukubwa wa herufi palipaswa kuandikwa kumi.

Paliandikwa thelathini na moja.

Mwizi hakuwa huko njiani. Alikuwa humu, ndani ya mashine yake, ndani ya nyumba yake.

Alifungua daftari la mabadiliko, lile ambalo mashine hujiandikia yenyewe. Kumi na moja. Wiki iliyofuata, kumi na mbili. Kisha kumi na tatu. Namba moja kila Ijumaa, saa nne asubuhi, saa ambayo yeye huwa bafuni. Ijumaa ishirini na moja, hata moja haikurukwa. Nenosiri lililotumika lilikuwa lake. Walilijua wawili tu.

Akarudi kuzitazama herufi. Thelathini na moja, daftari lilisema. Kwake zilikuwa bado punje za mtama.

"Shoga," jirani aliita. Alikuwa ameshaaga, amefika kizingiti cha mlango wa mbele, ng'ambo ya sebule nzima, gauni begani, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Huyo anayekuandikia ana ukali gani? Tuambie kabla ya adhuhuri nani aliingia. Kwani kaingia nani?"

Cherehani ikanyamaza.

Mama Madirisha aligeuka polepole. Aliona shati la mumewe. Aliona utepe wa kupimia umening'inia shingoni, na kidoleni kitu kikimeta, ile subana ya chuma ya kusukumia sindano. Alipandisha macho kuutafuta uso. Hakuupata; mahali pake palikuwa ukungu mtupu.

"Fundi," alisema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Niambie ukweli. Mshono umebaki kiasi gani?"

Mguu wa mumewe ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani. Haukukanyaga.