Nafasi Moja Kwenye Roketi

Mama Blandine alisogea tena kwenye meza ya mwanawe, na Nicolas akafunika chombo kwa mikono miwili.

"Mama, rudi kule. Si tulipatana?"

"Nimepita tu."

"Tangu asubuhi unapita tu!"

Vijana wenzake walicheka. Mama Blandine akaondoka. Siku hiyo hakuna mahali palipomkalisha. Alikuwa amefika kwenye uwanja wa institi, chuo chao, kabla ya profesa, na beseni la maandazi ambayo mwenyewe hakuonja hata moja. Alikaa, akasimama, akaenda mpaka ukuta unaotazama ziwa, akarudi. Kila karatasi iliyopeperushwa na upepo ilimshtua.

Roketi ilikuwa imelazwa juu ya mbao mbili, nyembamba, ndefu kama mtu. Kesho yake ingerushwa juu ya Ziwa Tanganyika, ipime baridi na hewa ya huko juu, kisha ishuke majini kwa parashuti. Ekipe mbili za wanafunzi zilikuwa zimehangaika mwaka mzima kutengeneza vyombo vya kupimia. Ndani ya roketi palikuwa na nafasi ya chombo kimoja.

Nicolas aliongoza Ekipe Luvua. Kubeba mimba yake ndiko kulikomtoa mama yake shuleni, mwaka ule ule aliotakiwa kupata diplome. Baadaye, kijana alipokuwa akisoma fizikia mezani usiku, mama alisimama nyuma yake na kusoma naye.

"Mama Blandine!" Ornella wa Ekipe Bendera alimwita kutoka meza ya pili. "Uje ukae huku. Kule unajiumiza moyo bure."

Akaenda, akakaa. Akasimama tena. Nicolas alikuwa ameinua mikono kidogo tu, lakini macho ya mama yake yalikuwa yameshaona: waya wa betri, pale ulipounganishwa, una ufa mwembamba kama unywele.

Profesa Adalbert, msimamizi wa ekipe zote mbili, alikuwa akifunga vyombo nyuma ya pikipiki, cha Bendera kwanza. Vingepitishwa kwenye mashimo ya barabara ya gare, kule kwenye kituo cha treni. Kitakachotuma namba mpaka mwisho ndicho kitakachopanda roketi.

"Luvua, leteni chenu!"

Mama Blandine alimtazama Ornella, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamtazama Nicolas, aliyebeba chombo kifuani kama mtoto mchanga. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Tena alikuwa ameahidi kunyamaza.

Akakimbia.

"Nicolas! Waya wa betri. Pale mwisho. Haukushika!"

"Mama, nilikuambia—"

"Gusa tu."

Nicolas akaugusa kwa hasira. Waya ukamjia mkononi.

"Profesa," akasema kwa sauti ndogo, "utupatie dakika kidogo."

Mama Blandine aliporudi kwenye meza ya pili, Ornella alisogeza kiti chake mbali naye.

Waya ukaungwa upya, pikipiki ikaondoka. Namba zikaanza kuingia kwenye kompyuta zote mbili. Mama Blandine aliuma kucha, akazunguka meza, akashindwa kutazama, akatazama. Pikipiki ilipovuka reli, namba za Bendera zikasimama. Ornella akapiga meza kwa kiganja, akagusa hiki na kile. Kimya. Za Luvua ziliendelea kushuka moja baada ya nyingine mpaka motari aliyeiendesha pikipiki aliporudi, mweupe kwa vumbi.

Vijana wakamnyanyua Nicolas juu. Mama Blandine alicheka huku machozi yakimtoka, mikono mdomoni, lakini hakwenda kumkumbatia.

Kelele zilipopungua, Profesa Adalbert alifungua kamba na kuinua kile chombo kilichonyamaza.

"Hii nayo ni kazi ya watu," akasema. "Ekipe Bendera, chef wenu, kiongozi, aje aichukue."

Wanafunzi wa Bendera waliinamisha vichwa. Ornella alijifuta macho, akamshika begani Mama Blandine, mwanafunzi mwenzake.

"Chef," akamwambia, "ni wewe tunakungojea."