Risasi za Ncha Kali

Mama Mbelwa alimmiminia Shekue maji ya kunawa, kisha akamtazama mwanawe, ambaye kiganja chake cha kulia kilikuwa kimebaki kifundo cha bandeji.

"Bunduki ya babu yake ina bomba la risasi chini ya mtutu, Shekue mwanangu. Risasi zinapangana humo, ncha ya moja kwenye kitako cha nyingine. Inataka za butu, zisizoweza kuigonga iliyo mbele ikalipuka! Nani alimchagulia zile zenye ncha, zikamlipukia?"

Kule dukani walikonunua risasi, Shekue ndiye aliyecheka kwamba butu ni za vikongwe. Aibu ikamshika.

"Nilichagua mwenyewe, mama," Mbelwa alisema. "Shekue, nilishe basi, bwana. Kula kwa kushoto mbele ya mama si adabu."

Shekue akamega tonge. Rafikiye akafumbua kinywa, akangoja.