Nani Amekohoa?

Kila nyumba ilikuwa na kisanduku ukutani. Mtu akikohoa, kiliuliza, "Nani amekohoa?" Aliyetajwa alichukuliwa siku hiyo hiyo kupelekwa Kambi ya Vifua, na kutoka huko hakuwahi kurudi mtu.

Saumu alikuwa na pumu, na mama mkwe wake, Bi Mize, alijua. Tangu mwanawe asafiri, bibi huyo alifukiza udi sebuleni kutwa nzima, milango imefungwa, macho kwa mkamwana wake.

"Kohoa basi, kifua kibovu we! Unasubiri nini?"

Saumu alivuta dawa yake ya kupuliza kwa siri.

Ijumaa hiyo Bi Mize aliinama kupuliza makaa ya chetezo, moshi ukampalia. Alikohoa mpaka akapiga magoti.

"Nani amekohoa?" kisanduku kiliuliza.

Bi Mize alitaka kusema, sauti ikagoma. Alinyoosha mkono kuiomba ile dawa iliyokuwa mkononi mwa Saumu. "Mwanangu," alisema kwa shida. Hakuwahi kumwita hivyo tangu harusi.

Saumu aliirudisha dawa kifuani, ndani ya kanga.

"Mama mkwe wangu," aliujibu ukuta, kisha akaongeza udi.